Agnesi Yuko Wapi

Ukifika kwenye msiba, usianze na mbinguni. Anza na maji. Uliza kama yapo ya kunywa, kama yupo wa kwenda kuyachota, kama mama wa marehemu ameweka chochote tumboni tangu jana. Nawaambieni ninyi vijana mnaovaa msalaba wa katekista kwa mara ya kwanza, kwa sababu mimi sikuambiwa mapema. Nilijifunza kwa kuvutwa shati.

Aliyenivuta shati ni Mzee Damiani, katekista niliyemkuta Kibiti nilipotumwa huko kutoka kwetu Mahenge. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kikohozi, asiyependa maneno mengi kutoka kwa yeyote, hata kwa padre. Msiba wangu wa kwanza ulikuwa kijiji cha Umwe, wa mzee mmoja wa Kimakonde aliyekuwa mlinzi wa ghala la korosho. Nikasimama nikaanza kuwaeleza waombolezaji jinsi roho inavyotoka mwilini na kusimama mbele ya Mungu saa ile ile, nikaendelea hadi toharani, na moto wake nikaueleza vizuri sana, maana nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni na somo hilo nililipenda. Mjane amekaa mkekani hapo hapo mbele yangu. Nilipofika kwenye moto nikahisi shati linavutwa kwa nyuma. Nikadhani limenasa kwenye nguzo ya banda, nikalivuta na mimi. Likavutwa tena, vifungo vikaruka. Nikakaa.

Mzee Damiani akasimama, akasema marehemu alikuwa mtu wa kuamka mapema, na kila aliyepita ghalani asubuhi alisalimiwa naye kwa jina, basi tumwombee. Akaomba, akakaa. Njia nzima ya kurudi, mimi naendesha baiskeli na yeye nimempakia nyuma, aliniambia neno moja tu: kwamba yule mama alikuwa ameungua vya kutosha.

Mnadhani kazi hii ni kufundisha watoto komunyo ya kwanza. Ni hiyo pia. Lakini kwa upande wetu, miaka ile, nusu ya kazi ilikuwa kuzika. Padre alifika barabara iliporuhusu, na barabara ilikuwa na roho yake. Mtu akifa Jumatatu kwenye joto la Rufiji, hakuna chumba cha baridi, huwezi kungoja padre wa Ijumaa. Katekista ndiye anayeosha uso wa maiti kama ndugu hawapo, ndiye anayetafuta mbao za sanduku, ndiye anayesali. Na ndugu mara nyingi hawakuwapo. Wenyeji wa kule, Wandengereko na Wamatumbi, ni Waislamu, na wao kwa kuzikana hawana mfano. Sisi Wakristo tulikuwa watu wa kuja: askari, wauguzi, walimu waliopangiwa. Halafu biashara ilipofunguliwa wakaongezeka wapasua mbao, wanunuzi wa samaki na kamba wa huko delta, madereva, vijana wa kila kabila waliosikia kwamba Rufiji kuna riziki. Walikuja wazima na mabegi yao. Wengine niliwazika bila kujua mama zao wanaitwa nani.

Makaburi nilifundishwa na jirani yangu Seifu, Mndengereko, aliyekuwa akichimba kwa ajili ya msikiti na kwa ajili yetu pia, kwa jembe lile lile. Alinifundisha kuchukua udongo wa bondeni na kuufinyanga kiganjani. Ukishikamana ukang'aa, maji hayako mbali, sogea juu. Alinifundisha kutochimba mapema mno kwenye ardhi ya namna hiyo, kwa sababu shimo likikaa wazi linajaa maji. Nimeona sanduku likielea mbele ya wafiwa. Sitaki mlione.

Ni kwenye shimo la namna hiyo nilipomfahamu Mwalimu Elinami.

Palikuwa na dereva wa lori la mbao aliyeanguka na kufa hapo Kibiti. Tingo wake alijua ni Mkristo tu, dhehebu hakujua. Tukafika watatu kumzika: mimi, mwinjilisti wa Kilutheri, na mchungaji mmoja wa walokole aliyekuja kutoka Dar na spika na betri ya gari. Mchungaji akasema kama marehemu hakuokoka basi kwa saa hiyo yuko motoni tayari, na sala zetu hazimfikii. Mimi nikasema sala zinamfikia, ndizo zitakazomsaidia kusafishwa. Mwinjilisti akasema yuko mikononi mwa Mungu, tumwachie mwenyewe, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Jua linapanda, tingo analia, sisi tunatoleana Maandiko.

Pembeni palikuwa na mwalimu mrefu, mwenye miwani, aliyekuwa akingoja gari la kwenda kivukoni, naye akaja kuzika kama mpita njia yeyote mwenye adabu. Akaomba nafasi aseme kidogo. Akasema yeye ni Msabato, na kwa imani yao mtu akifa haendi popote. Mungu alichukua udongo, akapulizia pumzi, mtu akawa hai. Pumzi ikirudi kwa mwenyewe, kinachobaki kimelala, hakijui kitu, mpaka siku ya mwisho atakapoamshwa.

"Kwa hiyo huyu ndugu yetu amelala," akasema, "na ni bahati yake, maana hasikii tunavyogombana."

Watu wakainamisha nyuso kuficha kicheko. Ndipo Seifu, aliyekuwa ameegemea jembe muda wote, akakohoa. "Mabwana, kubalianeni huyu mtu aende wapi, maana shimo limeanza kutoa maji." Tukamshusha haraka, kila mmoja akasali ya kwake kimyakimya.

Mwalimu Elinami alikuwa Mpare, akifundisha shule ya msingi Mohoro, ng'ambo ya mto. Tukazoeana, kwa sababu Mohoro nako kulikuwa na kikundi kidogo cha Wakatoliki nilichokihudumia, na mmoja wao alikuwa mke wake. Skolastika alikuwa Mngoni wa Songea, Mkatoliki wa kuzaliwa. Walipendana chuo cha ualimu, wazazi wa pande zote mbili wakakataa, wakaoana hivyo hivyo. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Jumamosi Mwalimu alipumzika na kusoma Biblia yake kibarazani. Jumapili mkewe alikuja kusali na sisi darasani, akiwafundisha watoto wetu katekisimu vizuri kuliko nilivyofundisha mimi. Walikuwa na binti mmoja, Agnesi, ambaye wenzake shuleni walimwonea wivu kwa sababu nyumbani kwao siku za kutoosha vyombo zilikuwa mbili. Alikuwa mtoto wa maswali. Aliwahi kuniuliza kama malaika wanashiba.

Agnesi alifariki kwa malaria, masika, akiwa darasa la pili. Homa ilimpanda kichwani. Zahanati walimpa walichokuwa nacho, wakasema avushwe apelekwe hospitali, na mto ulikuwa umejaa, kivuko kimefungwa. Wazazi wakakaa ukingoni na mtoto amefunikwa kanga, wakiitazama ng'ambo ya pili. Pale pale akakata roho.

Maji yalipopungua kidogo, mtumbwi uliovusha habari ndio ulionivusha mimi na Seifu kwenda kuzika. Serikali ya kijiji ilikuwa imewapa Wakristo kiwanja kwenye tuta la ukingo, palipoinuka, maana kule nyuma ya tuta ni mashamba ya mpunga na maji yanalala. Seifu alifinyanga udongo, akaridhika. Palikuwa pakavu, pazuri, mto unauona chini kule.

Tulikubaliana kwamba Mwalimu atasema maneno kwa imani yake na mimi nitasali kwa imani ya mama. Mwalimu alisema mtoto amelala, na atakayemwamsha anamjua kwa jina. Aliongea vizuri kuliko mimi. Zamu yangu ilipofika nilitaka kumfariji mama, nikasema Agnesi sasa yuko na watakatifu, anatuona, anatuombea. Nikamwona Skolastika ameshika pumzi, kama mtu aliyetupiwa kamba.

Baadaye, watu wakinawa mikono kwenye pipa, Mwalimu alinisogelea. Hakuwa na hasira. Alivua miwani akaipangusa kwa shati, akairudisha ikiwa na ukungu vile vile.

"Katekista, nakuomba kitu. Usimwambie mke wangu kwamba mtoto anamwona. Kama anamwona, basi anamwona akilia, na hawezi kumshika. Mtoto wa miaka minane anapewaje adhabu ya namna hiyo?"

Vijana wangu, mimi nilikuwa na majibu. Nilifundishwa kwamba walioko kwa Mungu hawana huzuni. Lakini yule mtu aliniuliza kama baba, naye alikuwa na udongo wa kaburi la mwanawe kwenye viatu. Nikamwambia nimesikia.

Juma lililofuata, baada ya sala ya Jumapili, Skolastika naye akabaki nyuma darasani. Akaniambia nyumbani hawazungumzi tena. Mumewe hamkatazi lolote, ila yeye akianza kusema Agnesi hiki, Agnesi kile, mumewe anainama na kusema kwa upole, amelala, mama, mwache alale.

"Kila akisema hajui kitu," akaniambia, "naona mtoto wangu amekufa tena. Mimi nataka awe mahali. Hata mbali, lakini awe."

Kwa hiyo alikuwa akienda kaburini kila jioni kuzungumza naye. Alimwambia habari za shule, nani ameng'oka jino, mbuzi wa jirani amezaa. Mwalimu alibaki kibarazani. Majirani wa Mohoro waliwahurumia na wakachanganyikiwa, hata jina la kuwaita hawakujua. Walizoea kuwaita Baba Agnesi na Mama Agnesi, sasa wakaona ni kuwatonesha, wakaanza kusema "Mwalimu" na "Mke wa Mwalimu". Skolastika aliniambia hilo ndilo lililomuuma kupita yote.

Nilikwenda kwa Mzee Damiani kutafuta ushauri. Wakati huo alikuwa hoi kitandani, kifua kimemwisha, anatunzwa na binti yake hapo Kibiti. Nilidhani atanikaripia kama siku zote kisha atanipa neno. Nikamweleza habari za wale wawili, nikamuuliza nimwambie nani kwamba anakosea.

 Akasema amefundisha roho haifi tangu ujana wake, ameifundisha kwa watoto ambao sasa wana wajukuu, na hata leo akiulizwa atajibu vile vile na anaamini. Kisha akasema, "Lakini naogopa, Gaspari."

Nikaanza kumkumbusha ahadi. Nikaeleza taratibu, kwa heshima, kama anavyoelezwa mtu anayekaribia ubatizo. Akaniacha nieleze mpaka nikaishiwa.

"Hayo nilikufundisha mimi," akasema. "Nishike mkono."

Nikamshika. Ulikuwa mwepesi na mkavu kama ganda la hindi. Tulikaa hivyo mpaka binti yake alipoleta uji. Alifariki siku chache baadaye, mchana, bila kusema neno la kuandika ukutani. Nilimzika mimi, na nilipofika kwenye sala za kuiaga roho sauti yangu ilikuwa ndogo mno, watu wa nyuma hawakunisikia. Kwa hiyo Mohoro nilirudi bila ushauri. Nilichokuwa nacho ni huo mkono tu, na sikujua nitautumiaje.

Mwaka uliofuata zikaja zile mvua ambazo watu waliziita elninyo. Wazee wa Rufiji wamezoea mafuriko, ndiyo yanayowapa mpunga, lakini yale yaliwashangaza. Maji yalipotulia bondeni, mto wenyewe ukaanza kula ukingo. Hapo ndipo Mwalimu Elinami aliponiletea salamu kwa dereva wa lori: njoo tumhamishe Agnesi, na kama Seifu anakubali, aje na jembe.

Nilimweleza Seifu, naye akafikiri. Kufukua maiti si jambo dogo kwao wala kwetu. Akasema maji yakitishia kaburi inaruhusiwa. "Sisi twasema mtu yuko barzakhi, kati ya kufa na kufufuliwa, angoja," akaniambia. "Lakini hata mwenye kungoja hawekwi majini."

Tulivuka kwa pantoni iliyokuwa imeanza tena kufanya kazi kwa kusuasua, tukafika Mohoro asubuhi ya pili. Nyumbani kwa Mwalimu tuliwakuta wote wawili wamesimama uani, na kwa namna walivyosimama nikajua wamebishana. Jambo la ajabu ni kwamba kila mmoja alikuwa upande ambao sikumtegemea. Skolastika, aliyekuwa akienda kaburini kila jioni, ndiye aliyekataa. Mwalimu, ambaye tangu maziko hakuwahi kukanyaga pale, ndiye aliyekuwa ameshika koleo.

Skolastika akatuamkia, akatupa viti, kisha akasema Agnesi asisumbuliwe. Yeye alikuwa akienda pale kwa sababu ndipo walipoagana, lakini Agnesi hayupo pale, yuko kwa Mungu, na kilichomo kaburini ni kama nguo aliyoivua. Mto ukiichukua hiyo nguo, mtoto hapungukiwi. Na ukingo ule unaanguka. Hataki kuja kumzika mumewe naye.

Nikamgeukia Mwalimu nikitegemea Maandiko. Hakutoa hata moja. Alikuwa amekonda, kola ya shati imemzidi shingo.

"Wewe una pa kumweka, Mama Agnesi," akasema. "Unaye kwa Mungu. Mimi sina mahali pengine. Mimi ninaye pale tu."

Nadhani hata mkewe hakuwa amewahi kulielewa jambo hilo mpaka pale liliposemwa. Mimi sikuwa nimelielewa. Tulidhani mtu anayesema "amelala, hajui kitu" ameshaondoa moyo wake hapo. Kumbe kwake yeye mtoto mzima, na sauti yake na maswali yake, alikuwa amefungwa ndani ya lile tuta, anangoja. Kutokwenda kwake kulikuwa kama mtu anayepita kwa kunyata chumba alicholala mgonjwa.

 Skolastika aliingia ndani akatoka na shuka jeupe, akampa.

Tukaenda sote wanne. Tuta lilikuwa limeliwa vibaya. Palipokuwa na njia pana ya kupita ng'ombe pamebaki mahali pa miguu. Msalaba bado umesimama, umeinama kidogo. Seifu alilala kifudifudi akachungulia chini ya ukingo, akainuka akasema tufanye upesi na tuchimbe kutoka upande wa nchi kavu, mtu asikanyage upande wa mto. Akachora mstari kwa jembe. Mimi na yeye tukachimba, Mwalimu akatoa udongo kwa koleo. Skolastika alikaa nyuma na rozari yake, midomo inatembea.

Udongo ulikuwa umelowa, mwepesi kuchimba, na hilo lilimtia Seifu wasiwasi. Kila mara alisimama akasikiliza. Tulifika kiunoni. Jembe langu likagonga mbao, nikasikia Mwalimu nyuma yangu akivuta pumzi. Alishuka ndani ya shimo kabla hatujamzuia, akapiga magoti, akaanza kufuta udongo kwa viganja, taratibu, akitafuta pembe ya sanduku.

Seifu ndiye aliyesikia. Mimi nilisikia tu sauti kama kitambaa kinachochanika mbali. Alinisukuma kifuani nikaangukia upande wa nchi kavu, akamkamata Mwalimu kwapani akamvuta kama gunia. Miguu ya Mwalimu ilikuwa bado haijatoka vizuri ardhi ilipopasuka mbele yetu na tuta likaenda, polepole kwanza, limesimama wima na msalaba juu yake, halafu lote kwa mpigo. Maji yakaruka, yakawa mekundu, yakapita. Kilichobaki ni ukuta mbichi wa udongo na mizizi inaning'inia.

 Seifu alikuwa ameketi na jembe mapajani, anasema innalillahi kwa sauti ndogo. Mwalimu alitambaa mpaka kwenye ukingo mpya, nasi tukamshika miguu, akatazama chini. Kiatu kimoja kilikuwa kimekwenda na maji. Shuka alikuwa bado amelishika. Akageuka akanitazama mimi, si mkewe, mimi mwenye msalaba shingoni.

"Katekista," akasema. "Sasa yuko wapi?"

Ningeweza kumjibu. Ningesema yuko mbinguni, na huo ndio ukweli ninaoufundisha mpaka leo. Lakini nilijua nikisema hivyo nitakuwa nimempa mkewe ushindi juu yake, mbele ya maji yaliyomchukua mwanawe.  Nikamshika mkono, sikuwa na kingine.

Skolastika akaja akapiga magoti upande wake wa pili. Nilidhani atasema la kwake, na alikuwa na haki. Akamfuta udongo usoni kwa ncha ya kanga.

"Baba Agnesi, ile siku unayoingoja wewe. Parapanda ikilia, makaburi si yatafunguka?"

"Yatafunguka."

"Na waliochukuliwa na maji?"

 "Na maji yatawatoa," akasema.

"Basi mto nao utaambiwa umrudishe. Hauwezi kukataa."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, kisha akalia. Lilikuwa jambo la kutisha kusikia, maana siku ya maziko hakulia. Mkewe alimkumbatia pale matopeni, na hakusema neno hata moja la mbinguni. Alikuwa ameacha imani yake nyumbani kwa muda huo, akaingia ya mumewe, kama mtu anayeingia majini na nguo zake kumfuata anayezama. Seifu alinigusa bega, tukasogea mbali.

Sitawadanganya kwamba walikuwa na furaha baada ya hapo. Nyumba yao ilibaki nyumba ya watu wawili waliokusudia kuwa wengi. Hawakupata mtoto mwingine. Lakini walirudi kuzungumza, na Mohoro wakarudi kuwaita Baba Agnesi na Mama Agnesi, kwa sababu Skolastika alipita nyumba kwa nyumba akawaomba. Baadaye Mwalimu akahamishiwa kwao Upare. Kiwanja cha makaburi kikahamishwa juu karibu na barabara, na mimi nikaendelea na kazi yangu, nikizika wapasua mbao na madereva na askari, na nikiulizwa marehemu yuko wapi nilijibu kama Kanisa linavyofundisha, ila baada ya maji, na kwa sauti ya chini.

Daraja la mto lilikuwa limekwisha kujengwa, na mimi nakaribia kustaafu, siku Skolastika aliposhuka kwenye basi hapo Kibiti. Alikuwa amezeeka vizuri, nywele nyeupe. Akaniambia Mwalimu amefariki, presha, amezikwa kwao. Yeye alikuwa safarini kwenda Songea kwa ndugu zake, akaona apite. Ilikuwa inakaribia Novemba, mwezi ambao sisi Wakatoliki tunawataja marehemu wetu kwa majina na kuwaombea. Akaomba nimtaje Agnesi, kwa sababu Agnesi ni wa huku.

Nikasema nitamtaja, na baba yake pia.

"Yeye usimtaje, Katekista. Aliniomba nimwache alale, nami nikamwahidi."

Nikamwambia kwa upole kile anachokijua kuliko mimi, kwamba sala ya kumwombea marehemu haipotei, na kwamba huenda Mwalimu anaihitaji.

"Namwombea kila siku," akasema. "Kimoyomoyo, asisikie."

Nikamuuliza basi yeye mwenyewe, moyoni mwake, anaamini mumewe yuko wapi. Basi la Songea lilikuwa limeshapiga honi, kondakta anamtazama. Akaifunga kanga yake vizuri kiunoni, akachukua begi.

"Sijui," akasema. "Nimemlaza mlimani, pakavu."